Jibu: Nakwama 8-1 ya Super Mario Bros., muda unaisha, halafu narudishwa 1-1

Habari mkuu. Una shida mbili hapo kwenye huo mchezo wa video wa Nintendo (8-1 ni dunia ya 8, hatua ya 1).

Ya kurudishwa 1-1 ni ndogo: ikishaandika GAME OVER na kurudi mwanzo, shikilia A, kisha bonyeza Start. Utaanzia 8-1.

Kuhusu muda, kagua kwanza kitufe cha B. Padi yangu mpira wa ndani ulikuwa umechoka, Mario akawa anatembea badala ya kukimbia, na mimi najilaumu vidole! Hatua ile ni ndefu na unapewa muda wa 300 tu, kwa hiyo B usiiachie. Vishimo vya upana wa tofali moja usiviruke, ukikimbia unapita juu yake.

Ukiishiwa roho (nafasi za kucheza), zichote 3-1: kwenye ngazi za mwishoni mrukie kobe, gamba ligonge ngazi likurudie miguuni tena na tena, hadi uongezewe roho. Ila roho zisizidi 127, ukifa hapo mchezo unaisha papo hapo. Niliwahi kulia.

Dunia ya 8 haina kituo cha katikati, ukifa unaanza hatua upya. Wale ndugu wa nyundo (Hammer Bros., maadui wanaorusha nyundo) wa 8-3 bado wananitoa jasho. Mimi husubiri mmoja aruke, napita chini yake.