Minazi tisa ya bibi

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Bibi yangu mzaa baba alituachia kipande cha ardhi ukingoni mwa bahari, kina minazi tisa. Alitangulia yeye, mwaka uliofuata akafuata baba, na mirathi haijagawiwa hadi leo. Sasa kapita mtu anataka kujenga hoteli. Ami yangu aliyeko Muscat anasema tuuze upesi kabla mtu hajahamia kwa jirani. Kaka naye macho yako kwenye gari ya kubebea wageni. Mimi roho inasita. Tuuze?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nami ni mtu wa Paje, hapo jirani yenu, kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili.

Zamani kwetu pwani haikuwa kitu. Mtu akirithishwa bondeni kwenye udongo, ndugu zake humwonea choyo. Akipewa ukingoni, humpa pole. Chumvi, mawe na kaa. Basi miaka ya tisini alipokuja mtu na bahasha, baba yangu alihisi kapata mjinga. Walihesabu minazi mmoja mmoja, kila mnazi ukitiwa alama ya chokaa. Kulikuwa na kisiki kilichoangushwa na upepo, baba akashikilia nacho kihesabiwe, na kikahesabiwa. Alirudi nyumbani anacheka. Tukapata mabati na baiskeli. Leo pale pana ukuta, na kulala usiku mmoja ndani yake ni ghali kuliko minazi yote ile, pamoja na kisiki.

Sasa yako. Neno "kuuza" litazame vizuri. Unguja ardhi ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi, na sheria ya ardhi ya 1992 imelibakisha hivyo hivyo. Chenu ni miti na haki ya kutumia pale. Mwekezaji wa nje naye hukodishwa kwa miaka, hamiliki. Ikiwa yeye mwenyewe anakodi, kwa nini nyinyi mkubali kulipwa mara moja tu mkatoka? Ulizeni habari ya kodi ya kila mwaka. Akikataa hata kulizungumza, mmeshamjua.

Halafu, mirathi ambayo haijagawiwa hana haki mmoja kuitia saini peke yake, awe Muscat au awe mlangoni. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwanza, mafungu yajulikane, na shangazi zako wasisahauliwe. Sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, ajue mapema, si siku ya kula pilau ya makubaliano.

La gari sitii neno, kaka yako ni mtu mzima. Ila papasi, hao wanaowinda wageni kuwatembeza, wenye gari kwetu Paje washazidi wageni.

Linaloniuma mimi ni njia ya kushukia baharini. Nililima mwani tangu ulipoanza kwetu, mwishoni mwa miaka ya themanini: vijiti, kamba, tai-tai za kufungia mbegu, wiki sita unavuna. Gunia la mwani mbichi ukilitia kichwani, maji yake yanakuchuruzika mgongoni hadi kwenye visigino. Ukuta ulipojengwa ilibidi tuzunguke nao, na bahari haikungoji. Ikishaanza kujaa imeanza. Wenzangu wawili waliacha kwa sababu ya mzunguko ule tu, kabla hata joto la maji halijaanza kuuoza mwani. Njia ya kushukia iandikwe kwenye mkataba, upana wake na inapopita, kabla hamjashika hata shilingi.

Barua yako ina ami, ina kaka, ina wewe. Mama yako simuoni. Kama alikuwa bado mke wa baba yako alipofariki, basi katika fungu la marehemu ana thumuni yake, sehemu moja ya nane. Na kama analima mwani, bamvua ijayo, maji yakitoka sana, shuka naye, umbebee gunia, akuonyeshe anapopita.