CD inacheza kwenye kompyuta lakini redio ya gari inaitema

Ndugu, umesema nyimbo za kwaya yenu ulizochoma (ulizorekodi kwenye CD kwa kompyuta) nyumbani zinacheza vizuri kwenye kompyuta, ila redio ya gari lako la kutoka Japani inaitema hiyo CD. Usikimbilie maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kununua CD nyingine. Na usitegemee kompyuta ikupe jibu, maana yenyewe husoma karibu kila kitu.

Ingiza hiyo CD, ufungue folda yake. Ukikuta majina yanaishia na .mp3, ulichoma CD ya data, na redio nyingi za zamani haziijui MP3. Ukikuta Track01.cda, Track02.cda, kila moja kama kilobaiti 1 tu, hiyo ndiyo CD ya muziki yenyewe. Nimewachomea watu CD mtaani kwa miaka, na malalamiko mengi huishia hapa hapa. Kwa hiyo kabla ya kuchoma chagua CD ya audio, si ya data. Hiyo hupimwa kwa dakika, 80 basi, hata kama faili zako zote ni MB 100. DVD tupu usijaribu.

Kama ni .cda na bado inakataa, soma kilichoandikwa kwenye diski. CD-RW (ile ya kufuta na kuchoma tena) huakisi mwanga kidogo sana kuliko CD-R (ya kuchoma mara moja tu), na leza iliyochoka ya redio ya gari haioni kitu. Pia hakikisha programu imeifunga diski ilipomaliza. Ukiiacha wazi ili uje uongeze nyimbo, kompyuta itaisoma, redio itagoma.

Kasi ya kuchoma nayo ina mambo. Mimi huweka 16x, yaani mara 16 ya kasi ya kawaida. Wanaokwambia ushuke hadi 4x wanakumbuka diski za zamani. Nyingi za siku hizi hazikutengenezewa mwendo huo. Laptopu iwe kwenye chaja, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) usichomee saa ambazo stima inapotea-potea. Ikikatika katikati, hiyo CD-R katundike shambani ifukuze ndege.

Wimbo ukiruka, sikiliza unarukia wapi. Ikiwa ni sekunde ileile kwenye kila CD, faili ndiyo mbovu. Mwombe aliyerekodi akupe ile ya kwanza, uigeuze WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya 44,100 Hz, biti 16, kipimo cha CD ya muziki, ndipo uchome. Ikiwa panabadilika-badilika, shuku diski au lenzi.

Halafu hii biki ya kuandikia jina juu ya CD. Watu huogopa kukwaruza upande wa chini, kumbe muziki wenyewe umekaa upande wa juu, chini ya rangi nyembamba tu, na ncha ya biki hupenya. Andika kwa maka peni. Karatasi pia usibandike: gari likikaa juani gundi inalegea, na CD inakwama ndani ya redio.

Ukiyafanya hayo na bado inagoma, jaribu CD halisi ya dukani kwenye redio hiyohiyo. Ikiitema nayo, mpelekee fundi asafishe lenzi.