Kujitolea kituo cha yatima Kambodia: moyo msiuache, kituo acheni

Dada, umeuliza kama wewe na mumeo mtumie likizo ya wiki mbili kujitolea kituo cha yatima Siem Reap, Kambodia. Nawasihi msiende. UNICEF imeeleza kwa miaka mingi kwamba watoto wengi wa vituo vile wana mzazi aliye hai. Fedha za wageni huchangia kuvijaza watoto. Mimi na mume wangu tulienda kimoja. Siku ya kuaga, mtoto wa miaka minne aliachia kanga yangu, akamkimbilia mgeni aliyekuwa akishuka garini, akamwita mama. Hadi leo nikikumbuka nalia. Mumeo ni muuguzi: hospitali ya huko ikimwalika, akafundishane na wauguzi wenzake. Nauli yako lipe shirika linalorudisha watoto kwao.