Karatasi ya mtu, namba ya bunduki: maswali na majibu kutoka Lubumbashi

Maswali ya safari hii yanagusa mambo mawili ambayo tumezoea kuyatenganisha: nani ameandikwa kuwa mtu wa nchi hii ya Kongo, na bunduki gani imeandikwa iko mkononi mwa nani. Yote mawili yanaharibika kwa njia moja, pale daftari linapoachwa bila kujazwa.

Nilizalia nyumbani, mtoto sasa ana miezi saba. Komini (ofisi ya serikali ya sehemu yetu ya mji) wamenirudisha, wanasema siku za kumwandikisha zimepita. (Mama wa Katuba)

Haki ya mtoto haijapotea, mama. Kilichobadilika ni mlango wa kupitia. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, afisa wa komini hawezi kuandika bila hukumu ya korti ya watoto, ile ambayo watu wa korti wanaiita supletifu.

Beba karatasi ya mkunga kama unayo, kadi ya chanjo (tarehe zake zinasaidia sana), karte (vitambulisho) za wazazi, na mashahidi wawili wanaojua uzazi ule. Hukumu ikitoka, ngoja muda wa rufaa uishe, omba kwa karani cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa, kisha peleka karatasi zote mbili komini zinakiliwe kwenye daftari. Wengi wanakwama hapo: wanaifunga hukumu vizuri kwenye plastiki na kudhani kazi imekwisha. Bado. Komini wasipoinakili, mtoto hayumo daftarini.

Jina nalo lisome herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Herufi moja ikikosewa leo, itakurudisha korti siku mtoto anapoandikishwa mtihani.

Wazazi wangu wametoka Kasai, mimi nimezaliwa Kamalondo. Jirani ananiambia nirudi kwetu. Kisheria kwetu ni wapi? (Kijana wa Ruashi)

Kwenu ni hapa, mdogo wangu. Kongo haina uraia wa jimbo. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye ndani ya nchi haki ya kutembea na kukaa anapotaka. Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 inamtambua mtoto kuwa Mkongo kama mzazi wake mmoja tu ni Mkongo, popote alipozaliwa.

Kinachochanganya watu ni ule mstari wa "asili" kwenye karatasi za komini. Unataja jimbo, teritware (wilaya) na sekta ya ukoo wa baba. Hausemi mtu analala wapi, anafanya kazi wapi, wala anazikwa wapi. Mwenye kuusoma kama kibali cha kukaa anausoma vibaya, hata kama amevaa kofia ya serikali.

Mji huu umejengwa na watu walioletwa. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, iliandika wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na ng'ambo ya mpaka, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia nzima zikalala kwenye stesheni zikingoja treni. Wengi walikuwa wanapelekwa "kwao", mahali ambapo hawajawahi kupaona. Kwa hiyo maneno ya jirani yako si ya kupuuza. Anza na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa). Yakiendelea, au yakigeuka vitisho, andika tarehe, maneno yenyewe na majina ya waliosikia, upeleke parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Sheria ya 7 Juni 1966 inaadhibu chuki ya kikabila, na bado inatumika.

Marehemu mume wangu aliacha pupu, bunduki ya kienyeji, ndani ya nyumba. Naogopa kuiuza, naogopa kuitupa. (Mama wa Annexe)

Pole, mama. Usiiuze wala usiitupe, na zaidi ya yote usiifunge ndani ya gunia na kupanda nayo pikipiki kwenda polisi. Ukisimamishwa njiani, hakuna atakayeamini ulikuwa unairudisha. Silaha zinaongozwa na sheria ya 3 Septemba 1985, na ruhusa ya mume, hata kama alikuwa nayo, mjane hairithi.

Iache ilipo, watoto wasifike, mdomo wake uelekee ukutani pasipo na mtu upande wa pili. Usijaribu kuitoa risasi. Nenda mikono mitupu na shefu wa kartie, eleza, waombe waje wenyewe. Wakiichukua, dai nakala ya peve (karatasi ya polisi inayoeleza walichochukua). Pupu haina namba, basi peve ieleze urefu wa bomba, aina ya mti na alama yoyote. Bila hiyo, hakuna wa kuthibitisha iliingia ghalani.

Na asitokee ndugu wa kuomba "kuijaribu" kwanza. Bomba la pupu mara nyingi ni la maji, au chuma cha gari. Halikutengenezwa kubeba nguvu ya baruti, na likipasuka linapasukia usoni pa anayelenga.

Namba ya bunduki inasaidia nini, kama mwizi anaweza kuikwangua? (Mlinzi wa Kampemba)

Inasaidia kama kuna mtu aliyeiandika. Namba, alama ya kiwanda na mwaka vinaonyesha ilikotengenezwa. Alama ya nchi iliyoiagiza inaonyesha ilikopelekwa. Mkataba wa Kinshasa wa 30 Aprili 2010, ulioanza kazi 8 Machi 2017, unazitaka nchi za Afrika ya Kati zitie alama hizo na kutunza madaftari. Namba iliyokwanguliwa nayo inaweza kurudi: kuigonga kulikandamiza chuma cha chini, na asidi huionyesha tena wakati mwingine. Hata ganda la risasi lina maandishi kitakoni.

Lakini uvujaji mwingi unaanzia ghalani. Bunduki inatoka usiku kwa doria bila saini, inarudi na risasi pungufu, hakuna anayehesabu. Dawa yake inajulikana: bunduki chumba kimoja, risasi kingine, funguo kwa watu wawili, hesabu kila zamu.

Kubadilisha bunduki kwa baiskeli kulikuwa na faida? (Papa wa komini ya Kenya, hapa mjini)

Ndiyo, papa. Kazi ya PAREC, shirika la kikanisa lililotoa baiskeli kwa aliyerudisha bunduki kaskazini ya Katanga, ilichagua vizuri: baiskeli inabeba mahindi, na mke anaiona. Pesa taslimu ni hatari zaidi, kwa sababu inageuka bei ya soko, na mtu anauza bunduki mbovu ili anunue nzima. Kosa la kuepuka ni kukusanya bila kuharibu mbele ya watu. Silaha isiyokatwa wazi huzaa uvumi kwamba imerudi porini.

Watoto wameokota chuma kama guruneti.

Kama kiko mkononi mwao, wakiweke chini polepole, wasikitupe. Warudi kwa njia waliyojia, mtu mzima aweke alama mbali nacho na kuwazuia wengine, polisi waitwe. Kutu haikidhoofishi, huenda inakifanya kilipuke kwa kuguswa tu. Na kisiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.