Reli ya ngazi: anza na ukuta, mbao baadaye

Mtu akiniuliza reli ya ngazi atengeneze kwa mbao gani, mimi humuuliza kwanza ukuta wake umejengwa kwa nini. Hapa Mombasa jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Nyumba ya Kisauni au Changamwe yenye nguzo na kuta za zege haina shida, boliti ikiingia imeingia. Nyumba ya Mji wa Kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, ni habari nyingine. Ukuta wake unaweza kufika unene wa nusu mita, na bado skrubu ukaichomoa kwa vidole.

Mimi si seremala. Nilifunga reli nyumbani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, kwa ajili ya bibi yangu, ambaye alikuwa akishuka huku amebandika kiganja ukutani. Ngazi zetu ni kama za majirani wengi: nyembamba, zimesimama, na vidato havilingani. Hilo la mwisho ndilo la hatari zaidi. Mguu unaposhuka hutarajia kidato kinachofuata kiwe sawa na kilichopita, na kikizidi au kupungua hata sentimita mbili mtu huyumba. Ngazi ya mawe huwezi kuibomoa ukaijenga upya kirahisi. Unachoweza ni kumpa mtu kitu cha kushika anapoyumba, na kitu hicho kisimsaliti.

Basi toboa tundu moja dogo la majaribio, mahali ambapo braketi itakuja kufunika, uangalie unga unaotoka. Wa kijivu ni saruji. Mweupe, laini kama unga wa ngano, ni chokaa au tumbawe. Drili ikizama ghafla bila kuzuiwa, kuna uwazi nyuma, na hapo usifunge chochote. Kabla ya kutoboa popote, angalia swichi na soketi zilipo: waya mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo kaa mbali na mstari huo.

Kwenye tumbawe, uzime mtindo wa kugonga wa drili. Toboa kwa kuzungusha tu, polepole, maana kugonga hupasua jiwe na tundu likawa pana kuliko biti yenyewe. Boliti zile zinazotanuka ndani ya tundu pia sizipendekezi kwenye ukuta wa namna hii. Hushika kwa kusukuma kuta za tundu, na jiwe laini likisukumwa hupasuka. Yako mambo mawili yanayofaa. La kwanza ni kutia fito za chuma zenye hesi, yaani mikato kama ya skrubu, kwa gundi ya sehemu mbili, ile inayochanganyika inapotoka kwenye mdomo wa kopo lake. Tundu liwe refu, na ulisafishe vumbi lote kwanza. Pampu ya baiskeli inafaa sana kwa kazi hiyo. Vumbi likibaki, gundi itashika vumbi, haitashika jiwe.

La pili, ambalo ndilo nililolichagua na ningelichagua tena, ni ubao wa mgongo. Unachukua ubao mpana wa mbao ngumu, unaufunga ukutani kwa sehemu nyingi kufuata mwinuko wa ngazi, kisha braketi unazifunga kwenye ubao. Uzito wa mtu hugawanyika kwenye matundu yote badala ya kulala kwenye mawili. Ukiupaka rangi ya ukuta hauonekani sana, na hata ukionekana si aibu.

Sasa urefu. Vipimo vinavyotumika sana ni kati ya sentimita 90 na 100, ukipima wima kutoka kwenye ncha ya kidato hadi juu ya reli. Pigilia msumari juu na chini kwa kipimo hicho, vuta uzi wa fundi kutoka msumari hadi msumari, halafu muite atakayeitumia reli apande na kushuka mkono ukifuata uzi. Bibi alisimama kidato cha katikati akasema, “Hapo hapo, mjukuu wangu, usipandishe tena, bega litaniuma.” Tukabaki kwenye 90. Uzi ufuate ncha za vidato kwa jumla. Usijaribu kufuata kila kidato kisicholingana, reli itakuwa na mawimbi na mkono utachanganyikiwa.

Unene ni jambo ambalo watu hulidharau kwa kupenda urembo. Reli ya kushikwa inataka kipenyo cha sentimita 3.5 hadi 5, mviringo, ili vidole vizunguke na kukutana karibu na dole gumba. Ubao mpana wenye nakshi unapendeza macho, lakini mtu anayeanguka hawezi kuushika, ataupapasa tu. Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya reli na ukuta, vifundo vya vidole visikwaruzwe. Braketi ziunge kwa chini, mkono upite kutoka juu hadi chini bila kuachia, na ziwe karibu karibu, isizidi mita moja kati ya moja na nyingine.

Reli iendelee kama sentimita 30 baada ya kidato cha juu kabisa, ili mtu awe ameshika kabla hajaanza kushuka. Na ncha zote mbili zipindwe ziingie ukutani. Hili nalisisitiza kwa sababu ya mavazi yetu: mkono wa kanzu, buibui, mkanda wa mkoba, vyote hunasa kwenye ncha iliyo wazi, na mtu akinaswa akiwa anashuka ndio ameanguka kwa sababu ya reli yenyewe.

Mbao, nimeiacha hadi sasa kwa makusudi. Mvule na mbambakofi ni nzuri lakini bei yake si ya mchezo. Mti wa mkoko wa ukubwa wa pau (mti mwembamba wa kuezekea), ulionyooka na uliokatwa kwa kibali, hutosha kiganja vizuri ukishabanduliwa gome na kupigwa msasa. Piga msasa mpaka upitishe kitambaa laini kisikwame. Vanishi ipake siku kavu, usiipake katikati ya masika.

Vyuma ndivyo visivyosamehe. Hewa ya bahari yetu ina chumvi, na kutu ikianza ndani ya ukuta huvimba na kubandua lipu. Nunua skrubu na boliti za chuma kisichoshika kutu, na ukiweza ulizia namba 316, ambayo huhimili chumvi kuliko 304. Muuzaji akikwambia ataipima kwa sumaku, usikubali: sumaku haitofautishi hizo mbili.

Kabla ya kumruhusu mzee au mtoto aitumie, ijaribu kwa uzito wako wote. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka reli ihimili takribani kilo 90 mahali popote itakapokandamizwa, na hicho ni kipimo kizuri hata kwetu. Ning'inia, vuta kuelekea kwako, sukuma pembeni, kwenye kila braketi. Ikitoa mlio au unga ukidondoka, ifungue urudie. Kisha kaza skrubu tena miezi michache baadaye, mbao ikishazoea unyevu wa nyumba.

Haya yote ni ya ngazi yenye ukuta. Kama upande mmoja uko wazi, au ngazi inatokea darini, reli pekee haitoshi. Panatakiwa kizuizi chenye nondo zisizoachana zaidi ya sentimita 10, mtoto asipitishe kichwa, na kishikwe imara sakafuni. Kazi hiyo mpe fundi wa kuchomelea, na umsimamie wakati anafunga miguu ya nguzo.