Ali, Louis au Tyson? Maswali yenu ya ndondi

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: nani bondia mkubwa kuliko wote wa uzani mzito. Tumejibu zile zilizouliza kwa undani.

Salamu wahariri. Steji yetu ya bodaboda imegawanyika, wazee wako kwa Muhammad Ali na vijana wako kwa Mike Tyson. Kila jioni tunaishia kelele. Tutumie kipimo gani ili mtu akubali ameshindwa kwa hoja? – Mwenyekiti wa steji, Jinja

Ndugu mwenyekiti, mnagombana kwa sababu mnajibu maswali mawili tofauti. Kundi moja linasema nani angempiga nani, jingine linasema nani alifanya makubwa zaidi. La kwanza halina jibu kwa kuwa pambano lenyewe halikupiganwa. La pili linajibika kwa karatasi na kalamu.

Kwa kila bondia andikeni mapambano matano makubwa aliyoshinda. Mbele ya kila pambano wekeni umri wa mpinzani siku hiyo, rekodi yake kufikia hapo, na kama alikuwa amekaa muda mrefu bila kupigana. Chini yake waandikeni waliomshinda, na kama alirudiana nao akalipiza. Kisha mara ngapi alitetea ubingwa. Anayetaja ushindi bila kujua umri na hali ya mpinzani, hoja yake isihesabiwe.

Tuanze na Tyson. Novemba 22, 1986 alimmaliza Trevor Berbick raundi ya pili akawa bingwa akiwa na miaka 20, na hadi leo hakuna bingwa wa uzani mzito aliyekuwa mdogo kuliko yeye. Agosti 1987 alimshinda Tony Tucker kwa pointi akakusanya mikanda mitatu. Januari 1988 alimwangusha Larry Holmes raundi ya nne, lakini hapo kalamu iandike kwamba Holmes alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepanda ulingoni tangu Aprili 1986. Ushindi wake bora ni wa Juni 1988 dhidi ya Michael Spinks, aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 31. Ulichukua sekunde 91.

Sasa upande wa pili wa karatasi. Buster Douglas alimwangusha Tyson mjini Tokyo, Februari 11, 1990, raundi ya 10. Ni kweli Tyson hakujiandaa. Kona yake, yaani wasaidizi wake, haikuwa hata na kile chuma baridi cha kukandamizia uvimbe wa jicho, wakatumia mpira uliojazwa maji ya barafu. Lakini Douglas alikuwa na mikono mirefu zaidi na aliipiga jebu, yaani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, bila kuchoka. Evander Holyfield alimshinda Tyson mwaka 1996 na tena 1997, na Lennox Lewis akamwangusha mwaka 2002. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye Tyson alimlipizia.

Karatasi ya Ali inasomeka hivi. Februari 1964, akiwa na miaka 22, alimshinda Sonny Liston, mtu aliyekuwa amemwangusha Floyd Patterson raundi ya kwanza mara mbili mfululizo. Liston alibaki kwenye kiti chake, hakutoka kwa raundi ya saba. Oktoba 30, 1974 mjini Kinshasa, Ali wa miaka 32 alimkuta George Foreman wa miaka 25, mapambano 40 bila kushindwa, 37 kwa nokauti. Alimmaliza raundi ya nane. Joe Frazier alimshinda Ali Machi 1971, Ali akamrudishia 1974 na tena Manila, Oktoba 1, 1975. Ken Norton alimvunja taya Machi 1973, Ali akamshinda miezi sita baadaye. Leon Spinks alimnyang'anya mkanda Februari 1978, akaurudisha Septemba. Kati ya watano waliowahi kumshinda, watatu aliwalipiza. Holmes na Berbick walimpata akiwa na miaka 38 na 39, mwili umekwisha. Na yote hayo yalifanyika ingawa alikaa nje ya ulingo kuanzia Machi 1967 hadi Oktoba 1970, akiwa na umri wa miaka 25 hadi 28, kwa kukataa kwenda jeshini.

Vijana wa Tyson wana haki ya jambo moja: kati ya Novemba 1986 na Juni 1988 ni mabondia wachache sana katika historia waliotisha kiasi kile. Lakini ukubwa hupimwa kwa maisha yote ya bondia. Sisi tunamweka Ali wa kwanza, Joe Louis wa pili, kisha Holmes na Lewis wakifuatana kwa karibu. Tyson hayumo katika watano wetu.

Rocky Marciano alipigana mara 49, akashinda zote 49. Mbona hamumweki juu? Kushindwa sifuri si ndiyo hoja ya mwisho? – Msomaji, Mbale

Rekodi hiyo ni ya kweli na ni ya heshima: 49 kwa 49, 43 kwa nokauti, akastaafu Aprili 1956 akiwa bado bingwa. Ichukue sasa kwenye kipimo tulichompa mwenyekiti wa Jinja. Alipomwangusha Joe Louis Oktoba 1951, Louis alikuwa na miaka 37. Jersey Joe Walcott alikuwa na miaka 38. Archie Moore alikuwa bingwa wa uzani wa chini yake. Mpinzani wake bora aliyekuwa bado na nguvu ni Ezzard Charles mwaka 1954, na Charles alimpeleka raundi 15 kamili, kisha katika marudiano akampasua pua hadi kona ikahofia pambano lingesimamishwa.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hukisahau. Marciano alichukua ubingwa kwa Walcott Septemba 23, 1952 kwa ngumi fupi ya kulia katika raundi ya 13, akiwa nyuma kwenye kadi za majaji wote watatu. Mapambano ya ubingwa siku hizo yalikuwa ya raundi 15. Kwa raundi 12 za leo, Walcott angeondoka na mkanda wake. Hali ni ileile kwa Louis dhidi ya Billy Conn mwaka 1941: baada ya raundi 12 majaji wawili walikuwa wamempa Conn uongozi na mmoja ameona sare, kisha Louis akamwangusha raundi ya 13. Kwa hiyo ukimlinganisha bondia wa zamani na wa sasa, jiulize kwanza pambano lilikuwa la raundi ngapi. Raundi zilipunguzwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, kufariki kufuatia pambano lake la Novemba 1982.

Marciano tunamheshimu kwa pumzi na moyo. Hatumweki mbele ya Louis.

Babu yangu humtaja Joe Louis kila ndondi zikitajwa. Vijana hapa hawamjui kabisa. Alikuwa na nini? – Msomaji, Bombo

Mwambie babu hajakosea. Louis alikuwa bingwa kuanzia Juni 1937 hadi alipostaafu Machi 1949, akatetea ubingwa mara 25 bila kuupoteza. Hakuna bingwa mwingine wa uzani mzito aliyekaa mfululizo muda mrefu kiasi hicho. Mkitazama filamu zake, acheni kutazama wapinzani wakianguka, tazameni umbali ambao ngumi inasafiri. Ni sentimita chache. Miguu inasogea taratibu, mabega yanageuka, ngumi tatu au nne zinatoka mfululizo na kila moja inairudisha nyingine mahali pake.

Kasoro yake ilionekana 1936. Max Schmeling aligundua kwamba Louis akipiga jebu, mkono wa kushoto unarudi chini badala ya kurudi begani. Akawa anasubiri jebu, kisha anapitisha kulia juu yake. Louis alianguka raundi ya 12. Miaka miwili baadaye walirudiana, na Schmeling hakumaliza raundi ya kwanza: sekunde 124.

Tyson Fury ana urefu wa mita 2.06. Hao wazee wenu wa kilo 84 si angewakanyaga? – Msomaji, Arua

Uzito ni hoja nzuri kwa Marciano. Alikuwa na kilo 84, na leo angepangwa uzani wa kruza, ambao mwisho wake ni kilo 90.7. Si hoja nzuri kwa Ali na Foreman. Usiku wa Kinshasa walipima karibu kilo 98 na kilo 100.

Na ukubwa peke yake hauamui. Oleksandr Usyk, mwenye mita 1.91, alimshinda Fury Riyadh Mei 18, 2024 akiwa amezidiwa zaidi ya kilo 15, kisha akamshinda tena Desemba mwaka huohuo. Usyk anatumia mkono wa kushoto nyuma, na mguu wake wa mbele hukaa nje ya mguu wa mbele wa mpinzani, hivyo kushoto yake inapata njia iliyonyooka. Katika pambano la kwanza Fury aliongoza raundi za katikati kwa ngumi za mwili, akachelewa kusogea, na raundi ya tisa kamba ndizo zilizomzuia asianguke. Usyk bado anaandika historia yake, na sisi tunaamini jina lake litasogea juu sana.

Uganda tumewahi kupata mtu wa uzani mzito aliyegombea ubingwa wa dunia? – Msomaji, Gulu

Ndiyo. Peter Okello, aliyekuwa akipigana kutoka Japani, aligombea mkanda wa WBC, yaani Baraza la Ndondi la Dunia, dhidi ya Oleg Maskaev mjini Moscow, Desemba 10, 2006, akashindwa kwa pointi. Mabingwa wetu wakubwa wametoka uzani wa chini: Ayub Kalule, John Mugabi, Cornelius Boza-Edwards, Kassim Ouma. Bondia mzito anahitaji wenzake wa kilo 90 na zaidi wa kufanya nao mazoezi ya kupigana kila wiki, na klabu nyingi hapa hazina hata wawili.

Nafundisha vijana klabuni. Wanaiga Ali, mikono chini, wanarudi nyuma kichwa wazi. Wanapigwa. Niwaonyeshe mapambano gani, na watazame nini? – Kocha, Naguru

Kocha, wakataze kwanza mambo mawili. Mtindo wa Ali wa kushusha mikono ulifanya kazi kwa sababu ya miguu yake. Miguu ilipopungua kasi baada ya 1970, kushoto ya Frazier ya kuzungusha ilimfikia mara kwa mara, na raundi ya 15 ya pambano lao la kwanza ikamlaza sakafuni. Ali alikuwa anaandaa ngumi ya kulia ya kutoka chini, mkono umeshuka, taya liko wazi. La pili ni kulala kwenye kamba na kumwacha mpinzani apige, kama Ali alivyofanya Kinshasa. Ali alikuwa na raundi 15 za kumsubiri Foreman achoke. Vijana wako wana raundi tatu za dakika tatu, na jaji anampa raundi anayepiga. Hakuna muda wa kumchosha mtu.

Waonyeshe haya. Jebu ya Holmes: watazame inaporudi, si inapokwenda, na mkono wa kulia usioondoka shavuni. Louis na Schmeling ya 1936, kisha ya 1938: wahesabu mara ngapi kushoto ya Louis inashuka katika la kwanza. Norton na Ali ya 1973: Norton anapiga jebu wakati uleule Ali anapiga yake, na kwa kuwa Ali anarudi nyuma moja kwa moja, inamkuta.

Kwa vijana wafupi, Tyson wa 1986 hadi 1988 ndiye mwalimu. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta kwa kimo cha bega la kijana. Mikono kwenye mashavu, apite chini ya kamba kushoto na kulia akisogea mbele hatua moja kila mara, raundi tatu za dakika tatu. Kosa litakaloonekana kwanza ni kuinama kwa kiuno. Akifanya hivyo macho yanaangalia sakafu, na ngumi ya kutoka chini itamkuta bila kuiona. Akunje magoti, mgongo ubaki wima, macho kwenye kifua cha mpinzani. Jebu itangulie kabla ya kuingia. Asipoitanguliza anaingia mikononi mwa mtu mrefu, na Douglas alionyesha pale Tokyo mtu mrefu hufanya nini. Fanyeni hivyo wiki mbili bila glovu kabla ya kumruhusu ajaribu kwa mpinzani, na akianza, mpinzani apige jebu peke yake.