Usalama wa Mgonjwa Hospitalini: Maswali Yenu na Majibu

Maswali ya safari hii yanahusu madhara yanayompata mgonjwa akiwa mikononi mwa hospitali, yaani yale yasiyotokana na ugonjwa uliomleta bali na namna alivyohudumiwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mgonjwa mmoja hivi katika kila kumi hupatwa na madhara ya aina hiyo, na kwamba takriban nusu ya madhara hayo yanaweza kuzuiwa. Kwa kuwa yanazuilika, nimejibu kwa kueleza nini hasa kifanyike, nani akifanye na wakati gani.

Kaka yangu atafanyiwa upasuaji wa ngiri wiki ijayo. Sisi ndugu zake tuulize nini bila kuonekana tunawafundisha madaktari kazi yao? (Msomaji, Morogoro)

Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Kwanza mwelezeni kaka yenu kwamba ataulizwa jina lake, aina ya upasuaji na upande wa mwili utakaopasuliwa mara kadhaa, tena na watu tofauti, na asidhani kwamba wahudumu hao hawajasoma faili lake. Mwaka 2008 WHO ilitoa orodha hakiki ya upasuaji salama ambayo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa chumbani. Mara ya kwanza huthibitishwa kuwa mgonjwa ndiye, upasuaji ndio, upande ndio, na kama ana mzio wa dawa yoyote. Mara ya pili wote waliomo hujitambulisha kwa jina na kazi, kisha daktari wa upasuaji hueleza anachotarajia na anachohofia. Mara ya tatu huhesabiwa sindano, vifaa na vitambaa vyote ili kusibaki kitu ndani ya mwili.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, mkoani kwenu Morogoro. Nyingine zilikuwa London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Hata hivyo, jimbo la Ontario nchini Kanada lilipozitaka hospitali zake zote ziitumie, utafiti wa hospitali 101 uliotolewa mwaka 2014 haukuona nafuu ya maana. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba orodha hulinda watu pale tu inaposomwa na wote wakiwa wamenyamaza na kusikiliza. Karatasi inayojazwa na mtu mmoja pembeni, au baada ya kazi kwisha, haimlindi yeyote. Mapema mwaka 2018 jiji la Nairobi lilitikiswa na habari kwamba mgonjwa amefunguliwa fuvu la kichwa kwa kuchanganywa na mwenzake, na madaktari wakagundua kosa baada ya kulikosa donge la damu walilolitafuta. Hakuna aliyeingia kazini siku ile akiwa na nia mbaya.

Basi, ulizeni mambo haya. Je, mgonjwa wetu amevalishwa utepe wa mkononi wenye majina yake kamili na namba ya faili, na maandishi hayo yanalingana na faili lenyewe? Je, daktari atakayempasua ataweka alama upande wenye ngiri kaka yetu akiwa bado macho? Kama daktari ameona anahitaji antibayotiki ya kinga, atapewa saa ngapi? Miongozo ya WHO ya mwaka 2016 inataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukatwa, na haiungi mkono kuiendeleza baada ya upasuaji kwa nia ya kinga tu. Mwisho, asinyolewe kwa wembe, iwe nyumbani au wodini, kwa kuwa wembe huacha michubuko midogo ambamo vijidudu huingia. Nywele zikilazimika kuondolewa, zipunguzwe kwa mashine maalumu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Usiku ninabaki peke yangu na wagonjwa wengi. Je, kupima ishara muhimu za mwili (joto, mapigo ya moyo, kupumua, shinikizo la damu) kila baada ya saa kadhaa kunaokoa mtu kweli, au ni kujaza chati tu? (Muuguzi, Kisumu)

Dada yangu, swali lako limegusa mahali ambapo wagonjwa wengi wa bara letu hupotelea. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo na afya nzuri kuliko wale wa mataifa tajiri, na matatizo baada ya upasuaji hayakuwapata mara nyingi zaidi kuliko wengine, lakini walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila kumi havikutokea kwenye meza ya upasuaji bali baadaye, wodini. Kwa hiyo tofauti kubwa haipo katika kisu. Ipo katika saa zile ambazo mgonjwa anaanza kuzidiwa na hakuna anayeona, au anayeona hana wa kumwita.

Kukosa wa kumwita kuna uzito sawa na kutoona. Watafiti hao walifanya jaribio jingine la kuwafuatilia kwa karibu zaidi wagonjwa walio hatarini, na matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba vifo vilipungua. Kuona peke yake hakutoshi ikiwa baada ya kuona hakuna kinachofuata. Linganisha na kilichofanyika katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako waliweka viwango vya hatari vinavyoeleweka kwa kila mhudumu na, kando ya kila kiwango, hatua nyepesi ambayo muuguzi ana ruhusa ya kuianza mara moja, kama vile kumpa oksijeni, kumlaza vizuri ili njia ya hewa ifunguke, au kumwekea maji mwilini, huku daktari akiitwa. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2015: idadi ya jumla ya vifo haikubadilika kwa kiasi cha kutamba nacho, lakini miongoni mwa walioingia na shinikizo la damu la chini mno, vifo vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69.

Ushauri wangu kwako ni huu. Usijaribu kuwapima wote kwa usawa, kwa sababu peke yako huwezi na utaishia kuandika namba ambazo hukuzipima. Wakati wa makabidhiano ya zamu, mwombe mwenzako akutajie wale wanaomtia wasiwasi zaidi na sababu ya wasiwasi huo. Wahamishieni vitanda vilivyo karibu na meza yako, kisha wapime hao mara nyingi. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, maana kasi ya kupumua ndiyo ishara inayobadilika mapema na ndiyo inayobuniwa zaidi kwenye chati. Halafu udai kutoka kwa uongozi karatasi moja iliyobandikwa ukutani: namba zipi zikionekana anaitwa nani, kwa simu ipi, na asipopatikana ndani ya dakika ngapi anaitwa nani mwingine. Idadi ya wauguzi ni jukumu la wenye mamlaka na sitaki kukubebesha mzigo wao, lakini karatasi hiyo haigharimu chochote.

Muuguzi mmoja alivaa glavu zilezile akamhudumia mama yangu na wagonjwa wa vitanda viwili vya jirani. Je, si glavu zinazuia maambukizi? (Msomaji, Mombasa)

Zinamlinda aliyezivaa. Kwa mama yako, glavu iliyotoka kitanda cha jirani ni sawa na mkono usiooshwa. WHO inataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), baada ya kuwa katika hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1847, pale daktari Ignaz Semmelweis alipowaamuru wanafunzi wake wa Vienna kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuingia wodi ya wazazi, na vifo vya akina mama vikaporomoka katika miezi michache. Mwambie muuguzi kwa upole, “Samahani dada, naomba usafishe mikono kabla ya kumgusa mama.” Una haki ya kusema hivyo.

Mwanangu aliletwa hospitali akiwa na homa kali na mikono ya baridi. Daktari alikataa kumtundikia dripu ya haraka, akampa damu na dawa polepole. Mtoto alipona, lakini bado nauliza: hakuhatarisha maisha yake? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Mama, namshukuru Mungu pamoja nawe. Inaelekea daktari huyo alijua kilichopatikana hapa hapa kwetu. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye mshtuko wa mwili, yaani damu isiyozunguka vizuri hata viganja vikawa vya baridi, apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Watafiti waliokuwa na kituo chao Kilifi, Kenya, walilipima fundisho hilo kwa watoto 3,141 wenye homa kali katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa Muheza, jirani yenu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yalipotolewa mwaka 2011 dunia nzima ya tiba ilistuka: ndani ya saa 48, watoto waliomiminiwa maji haraka walikufa kwa kiwango cha takriban asilimia 10.6, na ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3.

Ninasisitiza, jambo hili halihusu mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Watoto wa namna hiyo hawakuingizwa katika utafiti, na kuwanyima maji ni kuwaua. Lakini kwa homa kali za aina ya mwanao, ikiwamo malaria yenye upungufu wa damu, anachohitaji mtoto ni dawa sahihi, oksijeni inapopungua, sukari inaposhuka, na damu kwa wakati. Nasema haya kwa sababu ndugu wengi huwashinikiza wahudumu kutundika dripu, wakiamini kwamba chupa iliyoning’inia ndiyo dalili ya kuhudumiwa, na mhudumu mchanga aliyezungukwa na familia yenye hofu hushindwa kukataa.

Nawezaje kumzuia mgonjwa wangu asipewe dawa isiyo yake? (Msomaji, Bujumbura)

Andika kwenye karatasi dawa zote anazotumia nyumbani, zikiwamo za miti shamba, pamoja na dozi zake, na dawa yoyote iliyowahi kumdhuru, kisha mkabidhi daktari siku ya kulazwa. Kila dawa inapoletwa kitandani, uliza jina lake na kazi yake. Muuguzi mwenyewe hupaswa kuhakiki mgonjwa, dawa, dozi, njia ya kuitoa na wakati, na swali lako humpa nafasi ya kufanya hivyo bila kuharakishwa.

Katika kituo chetu mama hutokwa damu baada ya kujifungua na sisi tunakisia kiasi kwa macho. Je, kuna njia bora isiyohitaji mashine? (Mkunga, Tabora)

Ipo, na imethibitishwa katika hospitali za hadhi kama ya kwenu. Jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yake kutolewa mwaka 2023, lilitumia kitambaa cha plastiki kinachowekwa chini ya mama mara baada ya kujifungua, chenye mfuko ulioandikwa vipimo ili damu ipimwe badala ya kukisiwa. Damu ilipofikia mililita 500, au hata kabla ya hapo ikiwa dalili nyingine zilitisha, wakunga walianza hatua zote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) na maji ya mshipani, kumkagua mama ili kujua damu inatoka wapi, na kuita msaada. Utokwaji mkubwa wa damu, pamoja na upasuaji na vifo vinavyoletwa nao, ulipungua kwa asilimia 60. Zamani hatua hizo zilifuatana, moja ikingojewa ifeli ndipo nyingine ianze, na ni kungoja huko kulikowaua akina mama.

Mkoa wako pia ulikuwa mmojawapo wa mikoa mitano ya Tanzania, pamoja na Manyara, Geita, Mwanza na Shinyanga, iliyoshiriki mpango wa uzazi salama katika hospitali 30. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia midoli, palepale wodini, na kuzijadili takwimu zao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vimepungua kwa karibu robo tatu. Anzeni mazoezi hayo hata kabla kitambaa hakijafika.

Nilikaribia kutoa kloridi ya potasiamu badala ya maji ya chumvi. Vichupa vinafanana na vilikuwa kabati moja. Hakuna aliyedhurika. Nikiripoti nitaadhibiwa. Nifanye nini? (Muuguzi, jina limehifadhiwa)

Ripoti, na uripoti kabati, si nafsi yako pekee. Potasiamu kali ikisukumwa mshipani husimamisha moyo, na ndiyo maana WHO imeshauri kwa miaka mingi kwamba isihifadhiwe wodini pamoja na dawa za kawaida. Andika saa, wodi, namna vichupa vilivyopangwa na mwanga uliokuwepo, kisha upendekeze potasiamu irudishwe famasi au ifungiwe peke yake na kubandikwa lebo nyekundu. Ukihofia kwenda peke yako, mwombe muuguzi kiongozi mwende pamoja kwa kamati ya ubora ya hospitali.

Kwa viongozi watakaosoma jibu hili: ukaguzi wa vifo vya uzazi katika nchi zetu umejengwa juu ya kanuni ya kutotaja majina na kutolaumu, na kanuni hiyo inafaa kwa makosa ya dawa vilevile. Adhabu iwe kwa anayepuuza utaratibu kwa makusudi au anayeficha madhara. Huyu aliyeandika amewaonyesheni hatari kabla haijaua, na vichupa hivyo vitatu au vinne vinaweza kuhamishwa leo, kabla zamu ya usiku haijaingia.